Mkaja wa Mejumaa

Kibokoni, Mombasa
4 Agosti 2024

Mwanangu Mapenzi,

Waambaje huko Maskati? Sisi wazima, ila goti langu. Mdogo wako Mejumaa ameingia mwezi wake na tumbo limeshuka. Mkaja nimeshaununua, kaniki mpya. Akizaa tu namfunga, asije akabaki na tumbo kama la mamavyaa yake. Wewe muuguzi, una la kusema?

Mamako

Maskati
9 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti, usikae sana sakafuni. La kusema ninalo. Mji wa mimba umekaa kama pera lililopinduliwa, upana wake uko juu. Huko juu ndiko kwenye nyama nene za kumsukuma mtoto. Kondo likishatoka, nyama hizo hujikaza zikabana mishipa ya damu. Mpapase kitovuni: ukikuta tonge gumu, shukuru Mungu. Ukikuta palaini, sugua mpaka pakaze, na hospitali mwende. Mkaja ungoje, Mama. Na azalie hospitali.

Mwanao

Kibokoni
21 Agosti, asubuhi

Mapenzi,

Hongera, umekuwa mama mkubwa. Mtoto wa kike! Uchungu ulimshika ghafla alfajiri, kazalia hapa hapa mikononi mwa jirani. Mkaja nimefunga, kungoja siwezi mimi, lakini maneno yako sikuyatupa. Nimemshika kitovuni juu ya kaniki, pagumu kama jiwe. Analala tu, rangi imempotea kidogo, ni uchovu.

Mamako

21 Agosti

Mama, ujumbe wako nimeuona simuni, nisamehe sikukuamkia. Ugumu huo ni wa kaniki. Fungua mkaja sasa hivi, umpapase kwenye ngozi. Palaini, sugua kwa nguvu hata akilia. Mtoto atiwe titi, kunyonya hukaza mji, na mumewe Masha atafute gari. Nakupigia hupokei. Nijibu.

Mwanao

Kibokoni
2 Septemba

Mwanangu,

Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa. Nilifungua. Palikuwa laini kama unga wa maandazi, na godoro limelowa damu. Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi, mumewe akaleta tuktuk. Hospitali walimtia damu, ya kwake haikukoma, ndipo wakautoa mji wa mimba wote. Yu hai, alhamdulillahi. Jana amerudi.

Hajaambiwa. Masha asema hilo ni la mama. Leo akimnyonyesha mtoto kanambia, "Mama, wa pili tutampa jina lako." Nikamwambia anywe uji kwanza.

Omba ruhusa uje. Nitamwambia mimi mwenyewe, maana mkono uliofunga ni wangu. Lakini wewe uwe umekaa kando yake.

Mamako