Baba, Gari Lako Haliwaki

Baba,

Shikamoo huko uliko. Nina hasira na wewe, bora nikuambie wazi. Ni hilo gari lako la maziwa.

Kaka Eliamani alikuja Krismasi kutoka Dar, akatafuta mnunuzi Bomang'ombe. Tulipomwambia Mama alinyamaza, tukajua amekubali. Mnunuzi akapanda Machame. Ufunguo ukazungushwa, staata inalia vizuri, gari haliwaki. Eliamani akanigeukia mimi, eti ndiye niliyekuwa nakushikia tochi ukitengeneza.

Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini. Hakuna hata cheche. Nikasema ni huu ukungu wetu, nikakausha kifuniko cha distributa kwa kanga. Wapi! Nikabadilisha platini. Wapi. Kondensa, wapi. Nikaazima koili kwa jirani, naye akasimama pale kunifundisha kazi. Mnunuzi akachoka, akashuka zake. Na wewe umelala hapo migombani tulikokuzika, unasikia yote, kimya.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unanifokea: "Unabadilisha vitu kana kwamba duka la spea ni la baba yako. Pima kwanza umeme umeishia wapi." Nikatafuta kile kibalbu chako chenye nyaya mbili. Kwenye betri kikawaka. Kwenye swichi ya ufunguo kikawaka. Kwenye koili, giza. Nikaufuata waya hadi chini ya kiti cha dereva, na hapo, Baba, swichi nyingine. Ya kuzuia wezi, imezimwa. Mimi niliyekesha na tochi yako hukuniambia!

Niliingia jikoni nikifoka. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa.

"Nimeizima mimi," akasema. "Baba yenu alinionyesha. Gari nililopanda naye miaka yote, mnaliuza bila kuniuliza."

Nikakaa chini. Kweli hatukumuuliza. Tulimpa taarifa tu, kama mgeni. Nililia, Baba, mikono yote grisi, na yeye akaendelea kumenya.

Mnunuzi alipopiga simu nikamwambia gari limetushinda, atafute lingine. Eliamani amenuna, karudi Dar. Acha anune. Nakuahidi halitatoka hapa nyumbani mpaka Mama mwenyewe aseme. Jumamosi nampeleka sokoni, akae mbele.

Nimekukumbuka mno, nisikufiche. Lala, Baba. Ufunguo nimemkabidhi Mama, anaulalia.

Mwanao,
Aikande