Aliyelala Si Merv

Shangazi Noelene mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana hapa Adelaide sina wa kumwambia.

Kazi yangu ni kuandika kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayozigawia kazi prosesa, yaani bongo zake, na kwa kuwa wewe mwenyewe umeshasema redioni kwamba ulikuwa fundi wa mitambo ya simu sitakuchosha, ila ujue tu kwamba prosesa ikikosa kazi hulazwa isile umeme, lakini inalala ikiwa na taima zake, yaani vikengele vya kuiambia saa fulani fanya hiki, na kuiamsha kwa kila kikengele ni hasara, ndiyo maana Des Hoskin, mwenye miaka thelathini katika kazi hii na ndiye aliyenifundisha, ametumia miaka minne kuandika utaratibu mpya: prosesa inayolala inaiachia iliyo macho izichunge taima zake, na ya mwisho kulala ndiyo inayotega kengele kwa niaba ya zote.

Sasa kwetu kiraka cha programu, yaani badiliko linaloombwa kuingizwa, hakipokelewi mpaka mtu mwingine aandike chini yake kwamba amekikagua, kwa jina lake, na Januari Des akanitumia chake, kurasa arobaini, akisema nipitie nikipata nafasi, nami nikasoma kumi za mwanzo, nikajiambia huyu ni Des bwana, Des hakosei, nikaweka jina langu, kisha kwa kujivunia nikakipandisha kwenye kompyuta ndogo inayowasha pampu ya maji kwa dada yangu Jodie, shambani karibu na Burra.

Wiki mbili zilizopita, siku ya joto la nyuzi arobaini na tatu, pampu haikuwaka tangu asubuhi, birika la kunyweshea kondoo likakauka, saba wakafa, na Merv, baba mkwe wa Jodie mwenye miaka sabini na minane, ambaye kazi yake ni kuliangalia birika lile, alipofika akabonyeza kitufe na pampu ikawaka palepale, basi wote wakakata shauri kwamba mzee ndiye aliyeizima akasahau kuiwasha. Mimi nilizichukua kumbukumbu zilizoandikwa na kifaa, nikaona kwa macho yangu: prosesa mbili zililala kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini nyingine iko macho, na hakuna iliyotega kengele. Kitufe cha Merv ndicho kilichoziamsha.

Dawa yake ni mistari sita tu, lakini Des anastaafu, Jumapili kiraka kinaingia kwenye toleo jipya na ameshawaalika watu nyumbani kwake kuchoma nyama, na nikilisema kosa kwenye kundi letu la barua pepe litasomwa na maelfu ya watu, nami nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenishika mkono tangu sijui lolote. Nimewaza nikae kimya, kisha baada ya miezi miwili niitume ile mistari sita kana kwamba ndiyo kwanza nimeliona. Merv wamemnyang'anya ufunguo wa gari la shamba na atapelekwa kupimwa kumbukumbu, na Jodie anasema mzee mwenyewe alimwambia, "Labda akili zimeanza kunitoka, mwanangu." Nifanyeje?

Kerryn, Adelaide

*

Kerryn,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nusu yake ni heshima ya Des, na Merv umemweka mwishoni kabisa, baada ya nyama choma.

Pole, hofu yako naijua. Kumsahihisha aliyekufundisha si jambo dogo, na mimi nimewahi kumeza neno mbele ya msimamizi wangu nikalijutia. Lakini wewe hukumeza neno tu. Umemwacha mzee wa watu aamini kwamba akili zake zinaondoka, na ushahidi uko mikononi mwako. Wiki mbili, Kerryn! Hilo ni baya kuliko kosa la programu.

Na tusimsingizie Des peke yake. Yeye hakukijaribu zaidi kwa sababu wewe umekikagua. Wewe hukukikagua kwa sababu Des hakosei. Mmelala wote wawili, kila mmoja akiamini mwenzake yuko macho. Sina haja ya kukueleza ubaya wa hilo, umeshanieleza vizuri wewe mwenyewe.

Hiyo hila ya miezi miwili iache. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na pampu za watu wengine ziko nyingi.

Leo mpigie Des. Usimwombe ruhusa, mwarifu tu kwamba jioni utaandika kundini. Mtu aliyekosolewa hadharani miaka thelathini havunjiki kwa mistari sita. Akinuna, ataichoma nyama yake huku amenuna. Kundini ondoa jina lako kwenye kiraka, weka kosa na dawa yake, na andika "sikukisoma chote". Usiandike "tumegundua".

Lakini kabla ya simu hiyo, chapa zile kumbukumbu na uwashe gari uende Burra, ni mwendo wa saa mbili tu. Usimtume Jodie. Zungumza na Merv, familia yote ikiwa mezani, umwambie pampu ililala kwa kosa lako na kwamba siku ile yeye ndiye aliyeiamsha. Hakikisha ufunguo anarudishiwa mkononi ukiwa unaona. Kisha kaa unywe naye chai, usiondoke mpaka umsikie akisema kwa kinywa chake kwamba hakusahau.

Shangazi Noelene