Mabeseni ya Kamanda

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na wote hapo kwenu, upande wa pili wa ukuta. Mgongo wako umepoa? Mimi mzima, isipokuwa goti na hasira.

Hasira kanitia binti yangu. Najua umeshasikia kwamba ndiye kamanda wa ngome nzima. Wanaume wenye ndevu wanasimama wima akipita. Sisemi kwa kujisifu, ila niliyemzaa ni mimi. Sasa mwambie huyo kamanda akurudishie beseni lako la kufulia, uone.

Amekusanya mabeseni yote, akayajaza maji, akayapanga sakafuni kwenye kila nyumba iliyo karibu na ukuta. Anasema jeshi la huko kwenu likichimba chini kwa chini, maji yatacheza. Akili hiyo kairithi kwangu, haikutoka kwa baba yake. Lakini mimi nitaishije? Nikifagia, askari wa zamu ananiambia mama, taratibu, unatikisa maji. Nikitwanga, mama, basi. Juzi yalicheza mabeseni yote kwa pamoja, watu wakakimbia na mikuki, kumbe joka letu la kutema moto limelala chini ya mnara linakoroma. Nikamwambia kamanda alilaze ubavu, kama nilivyokuwa nikimlaza baba yake. Askari walicheka, yeye akaninunia. Lakini joka lililazwa ubavu.

Tangu hapo maji yametulia kila mahali, isipokuwa uvunguni mwa kitanda changu. Jana mchana nililaza sikio sakafuni. Nikasikia sururu, na mtu anaimba huku anachimba, sauti inakwaruza kama mlango uliokosa mafuta. Mtoto huyo nimembeba mgongoni, mdogo wangu. Hakuna mwingine anayeimba vibaya vile. Ni mwanao.

Kamanda ameshajua watatokea wapi. Mimi nimehamishiwa kwa jirani, na joka limeingizwa kichwa sebuleni kwangu, linachubua ukuta nilioupaka chokaa kwa mkono wangu. Yatakayofuata siyaandiki. Mwambie mwanao kesho aumwe tumbo, na wenzake wa shimoni waumwe naye. Wakiitwa waoga, waitike tu.

Wala usidhani nimeiba siri. Nilimweleza kamanda ni nani niliyemsikia. Akasema askari wake haruhusiwi kumwandikia adui barua, ila mimi si askari. Akaniwekea njiwa mezani, akaniambia nisiandike kirefu.

Mbusu mwanao kwa niaba yetu sote wawili.

Ni mimi dada yako,
Mama Kamanda