Hitilafu Ndogondogo

Jumatatu, 3 Machi
Kwenye programu yetu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa, kazi yangu ni maneno: vitufe, maelezo, maonyo. Leo fundi wetu — tunamwita Profesa, chuo chenyewe hakumaliza — kaniita mezani kwake. Toleo la majaribio lina kasoro. Simu ikizimika na kuwashwa, programu inasahau kwamba mtu ameshameza dawa. Inamlilia tena. Kurekebisha, wiki mbili. "We waonye tu," kasema. Tu! Nimeandika mistari mitano, herufi nyekundu.

Jumanne, 4 Machi
Bosi kaifyeka. Eti nawatisha watu, watakimbia, na wakikimbia kasoro nyingine tutazijuaje? Ana hoja, ndiyo inayoniudhi. Umebaki mstari mmoja: "Toleo hili linaweza kuwa na hitilafu ndogondogo." Nikauandika hivyohivyo. Nimechoka kubishana na mtu anayetabasamu.

Jumatano, 5 Machi
Mlinzi wa mlangoni kaiweka programu kwa ajili ya mkewe. Nilimtazama. Kidole moja kwa moja kwenye "Nakubali". Nikamuuliza: onyo limesemaje? "Dada, mimi nimeshakubali. Mengine yenu." Tukacheka. Nikamweleza kwa mdomo, akaifuta palepale. Dakika moja haikufika. Wamebaki watumiaji wengine mia nne.

Alhamisi, 6 Machi
Kichwa kinauma. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 7 Machi
Simu ya ofisini, nikapokea mimi. Mwalimu mstaafu, sauti ya taratibu, yuko wodini. Juzi simu yake iliisha chaji. Alipoiwasha ikalia, akameza vidonge vya presha mara ya pili. Bintiye kamkuta sakafuni bafuni.

Nilitamani aseme hakusoma onyo. Mungu anisamehe, nilitamani.

"Nililisoma, mwanangu. Mara mbili. Mmesema ndogondogo — nikadhani labda rangi, labda herufi."

Hakunifokea. Bora angefoka. Nikamwambia maneno yale yametoka mkononi mwangu. Akasema: "Basi andika upya."

Bosi anasema tulijadili Jumatatu. Jumatatu! Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi mezani.

Jumamosi, 8 Machi
Ofisini tuko wawili, mimi na Profesa. Nimeandika: "Simu yako ikizimika, programu hii itasahau kuwa umeshameza dawa. Itakuambia umeze tena. Usimeze." Profesa kasoma, kakuna shingo, kasema anakwenda kununua maji. Kompyuta yake kaiacha wazi. Woga wake ndio msaada wake.

Saa nne na dakika kumi. Nimetuma kwa wote.

Majibu yanaingia. "Sawa." "Asanteni." "Siku zote mlikuwa wapi?" Halafu hili, la mama mmoja: "Nimeshameza mara mbili leo. Mikono inatetemeka. Niko peke yangu. Nifanyeje?"

Mimi ni mtu wa vitufe! Namba yake nimeipata kwenye orodha. Daktari wa zamu hospitalini nimempigia kwa simu ya mezani, kaniambia nisikate, anarudi kwenye laini sasa hivi. Mama nampigia kwa simu yangu. Inaita. Simu ya bosi nayo inaingia humohumo, mara ya tatu sasa. Namkata. Inaita bado —