Moyo Wangu Kwenye Kilima cha Mahango

Bwera, Jumanne jioni, 2016

Mama mkwe ameficha jembe langu tena. "Weye iko mugonjwa, mutoto yangu. Kaa tu," anasema, ingawa matibabu ya saratani ya titi yaliisha mwaka jana.

Daktari aliniambia dawa zile zinaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo nitembee kila siku mpaka nitoke jasho. Naogopa kukaa kuliko kuchoka.

Basi leo nikapanda kwa miguu kilima cha njia ya Mahango. Katikati moyo ulidunda mno, nikasimama. Niliweka mkono pale palipokuwa na titi, nikausikiliza hadi ukatulia. Kisha nikaendelea, taratibu, mpaka juu.

Niliporudi nimelowa jasho, mama mkwe alinitazama. Halafu akauliza, "Kesho tunaenda saa ngapi?"