Sindano ya Ijumaa

Mke wangu Sekela, huko kwa shangazi yako Dar,

Hapa Kisondela mvua haijakata, na parachichi zimebeba mpaka nimeegemeza matawi kwa miti. Nani mkulima kama mumeo? Barua hii nampa Obed anayekuja huko na basi, maana kwenye simu sauti itatetemeka unicheke.

Ijumaa hapo hospitali watakutoa mayai, halafu kila yai watalichoma sindano yenye mbegu yangu moja, kati ya zile walizogandisha nilipokuja. Moja! Na mimi nilimtambia daktari kwamba nina jeshi. Akanijibu, "Kijana, askari wako ni wachache na wavivu." Ukacheka weee. Lakini alipotuonyesha kwenye runinga ile sindano, nyembamba kuliko unywele, inavyolisukuma yai mpaka linabonyea kama mpira, nilishika kiti. Alisema mengine hupasuka. Tangu siku hiyo nikifumba macho naliona yai linapasuka.

Jana mama akimenya ndizi akaanza tena: "Huyo mkeo na tumbo lake lisiloshika mimba!" Miaka minne nimenyamaza ukisemwa wewe. Nikamwambia, "Mama, mwenye kasoro ni mimi." Kisu kikasimama. Hajanisemesha mpaka sasa, ila asubuhi nimemsikia akisali, akakutaja jina.

Yakipasuka yote, rudi hivyohivyo. Kutorudi kwako ndiyo hofu yangu kubwa kuliko sindano. Na mwambie daktari asichague askari anayejificha nyuma ya wenzake. Huyo atakuwa amenifuata mimi.

Mumeo mwenye jeshi la wavivu,
Lugano