Mkwaruzo kwenye Mlango wa Gari Lako

Baba,

Ule mkwaruzo kwenye mlango wa kushoto wa gari lako ni wangu. Sijamwambia mtu. Si Mama, si kaka yangu Kimutai, si rafiki yangu yeyote wa shule. Hata kanisani, tukiambiwa tufunge macho kila mtu aungame moyoni mwake, mimi huungama mambo mengine.

Ilikuwa siku tuliyokuleta nyumbani. Mama na Kimutai walikuwa wameenda mochari kukuchukua, nami nikabaki na akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Vijana wa kusimamisha hema la mazishi wakafika. Gari lako lilikuwa katikati ya uwanja, pale Kimutai alipoliacha aliporudi nalo kutoka hospitali, limejaa matope hadi kwenye vioo. Wakauliza nani ana ufunguo. Mama mmoja akasema, "Si mwulize Jerop, huyo ndiye dereva wa babake." Alikuwa ananitania kidogo ili nisilie. Ningemwambia kwamba ulikuwa umenifundisha kwenda mbele tu, kwenye njia ya shambani, na kwamba sijawahi kulipitisha getini. Lakini unanijua. Kusema "siwezi" mbele ya watu kulinishinda kuliko kuwasha gari.

Nikaliwasha. Ule mlio wake uliposikika, akina mama wote waliacha kumenya, kisha mmoja akaanza kulia kwa sauti, kana kwamba ni wewe umerudi. Nikaharakisha kutoka. Nilikata kona mapema, na nguzo ya geti ikaushika mlango. Sauti yake ilikuwa kama sufuria inayosuguliwa kwa mawe. Sikusimama. Niliegesha nje, upande ule ukiwa umeelekea ua, nikalifunika kwa turubai lako la mahindi. Halafu nikarudi kumenya viazi.

Kama ni hilo tu, ningekuja kaburini nikakuambia. Ungenikasirikia hadi jioni, yaishe. Kibaya ni kilichofuata.

Wiki baada ya mazishi, Mama alisema gari haliwezi kukaa na matope ya hospitali. Akaliosha mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuligusa, aliyekuwa akiliita mke mwenzake. Alipofika kwenye ule mlango aliacha kuosha. Akaenda getini, akaona rangi ya buluu ya gari kwenye nguzo. Akarudi polepole akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Aligonga akitoka kwenda hospitali," akasema. "Kifua kinamuuma, yuko peke yake, hata geti haoni. Na mimi niko Ziwa kwa dada yangu, naongea na watu habari ya mahindi."

Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa mkononi. Nilifungua mdomo, Baba. Nakuapia nilifungua. Lakini majirani wawili wakaingia kutujulia hali, Mama akawaonyesha, nao wakaugusa mlango kwa vidole wakasema pole. Baada ya hapo sikujua ningeanzia wapi.

Nimemaliza shule sasa. Mtihani haukuwa mbaya, ila kemia sijui. Yule ndama uliyesema atakufa amekuwa ng'ombe, na anapiga teke kila mtu isipokuwa Mama. Maziwa Kimutai anayapeleka kwa pikipiki. Mzee wa pale maziwa yanapopimwa bado anamwuliza, "Na ile ndege ya babako iko wapi?" Hajasahau jinsi ulivyokuwa ukifika na gari la mbio, turbo inapiga mbinja, mtungi wa maziwa umekaa kiti cha nyuma umefungwa mkanda kama abiria. Ukifungua milango siku ya jua, harufu ya maziwa bado iko.

Lakini gari lenyewe limezeeka. Boneti imepauka, paa limeanza kumenyuka vipande vipande. Na mkwaruzo wangu umeota kutu. Ulianza kama mstari, sasa rangi ya pembeni yake imevimba kama ngozi iliyoungua.

Kimutai ndiye aliyeanza maneno ya kulipaka upya. Alitaka nyeusi. "Mum, hiyo buluu iliisha. Inakaa kama jeans ya mtumba." Mama akamwambia apake anachotaka, lakini mlango wa kushoto usiguswe. Kimutai akamleta Fundi Barasa, rafiki yako wa gereji, unakumbuka mlivyokuwa mkibishana kuhusu kila kitu hadi chai inapoa. Barasa alilizunguka gari mara mbili. Kisha akacheka. "Mama Kimutai, nikipaka gari yote niache mlango moja, Eldoret nzima itasema Barasa alikunywa pesa ya rangi akashindwa kumaliza."

Mama hakucheka. Barasa akaona, akashusha sauti. Akasema kutu iko chini ya rangi, na mvua hii ikinyesha yote itatoboa mlango, na mlango wa gari kama hili siku hizi hupati. Mama akasema basi uoze.

Sidhani hao wawili wanajua ninachokijua. Kila asubuhi akienda kukamua, Mama hupitia kwenye banda la gari. Huweka kiganja kwenye ule mkwaruzo, anasimama, halafu anaenda. Mwanzoni nilifikiri anakukumbuka tu. Siku moja nilikuwa nyuma yake nimebeba maji ya moto, nikamsikia. Alikuwa anasema, "Nisamehe sikuwa nyumbani." Kila asubuhi, Baba. Anaomba msamaha kwa kitu nilichofanya mimi.

Walipokuwa wamekwama hivyo, Kimutai amenuna na Barasa anatazama viatu vyake, Mama akasema, "Muulizeni Jerop. Yeye ndiye alikuwa anakaa na babake ndani ya gari. Akisema ipakwe, ipakwe." Wote wakanigeukia. Nikasema nitafikiria. Barasa akasema atarudi Jumamosi.

Nilifikiria hadi nikashindwa kula. Nikisema lipakwe, nitakuwa nafuta kosa langu kwa mkono wa fundi huku Mama akilia kwamba amepoteza alama yako ya mwisho. Nikisema liachwe, gari lako litaoza kwa ajili yangu, na yeye ataendelea kuomba msamaha bandani. Nilijua jambo moja tu lingemtoa hapo. Nililipanga kama jibu la mtihani: Mama, ni mimi, siku ya hema, samahani.

Ijumaa tulikuwa jikoni tunachambua maharagwe. Nikasema, "Mama, ule mkwaruzo si wa siku ile."

Hilo lilikuwa kweli. Akaweka ungo chini. "Ni wa lini?"

Laiti ungeuona uso wake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Nikaona swali litakalofuata, lile la kwa nini nimemwangalia akilia muda wote huo nikanyamaza, na sikuwa na jibu lake. Bado sina.

Basi nikasema ni wewe. Nikasema ni ile likizo fupi ulipokuja kunichukua shuleni, kwamba uliingia getini na mkono mmoja, wa pili una hindi la kuchoma, unanionyesha vile madereva wa mbio wanavyokata kona. Nikasema nguzo ikakushika. Nikasema ulipaka matope juu yake usionekane, ukaniambia, "Usimwambie mama yako." Yalinitoka tu, Baba, hata hindi. Mimi ambaye hushindwa kuagiza soda dukani.

Mama aliutazama ungo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, halafu akalia, lakini si kile kilio cha bandani. Akawa anarudia, "Kumbe haikuwa siku ile. Kumbe haikuwa siku ile." Alipopangusa uso akaenda sebuleni, akasimama mbele ya picha yako. "Wewe mzee. Unatuambia hujawahi kugusa hata kichaka, unamgombeza Kimutai kwa tope tu, kumbe unagonga geti yangu unapaka matope. Ngoja tukutane."

Jumamosi Barasa alilichukua. Lipakwe buluu, Mama alisema, ileile, na Kimutai akaacha kubishana. Jana Mama alinituma nipeleke chai gereji. Barasa alikuwa amefika kwenye ule mlango. Akanipa kipande cha msasa, akaniambia, "Sugua kidogo, ni ya babako." Nilisugua. Kutu ilitoka, kisha rangi, kisha bati jeupe, na mkwaruzo haukuwepo tena. Nilijisikia kama mwizi anayefagia nyayo zake.

Mama analala vizuri siku hizi. Hapitii tena bandani. Asubuhi anaenda moja kwa moja kwa ng'ombe, na leo nilimsikia akiimba. Kwa hiyo sijui kama nilikosea, lakini najua niliyemkosea. Ulikuwa mtu wa kulizunguka gari na kitambaa hata baada ya kupeleka maziwa. Ulijivunia kwamba hujawahi kulikwaruza, na lilikuwa jambo moja tu ulilojiruhusu kujivunia. Sasa akina mama wa kanisa wamesimuliwa, na mzee wa maziwa amemwambia Kimutai, "Kumbe rubani naye alikuwa anagonga." Wote wanacheka kwa upendo. Lakini wanacheka kosa lisilo lako, na huwezi kujitetea. Nilichagua mtu asiyeweza kunijibu, kama mwoga. Nisamehe.

Nakuahidi kitu kimoja. Nikipata leseni, nitampeleka Mama kwa dada yake Ziwa kwa gari lako. Barabarani mtu anaruhusiwa kutazama mbele. Nitamwambia nikiwa nimeshika usukani, nikifika mahali ambapo hawezi kushuka. Nitamwambia ya hema, na ya hindi, na ya kunyamaza. Jina lako nitalirudisha mwenyewe, hata akiacha kuniongelesha.

Lala salama, Baba. Mvua imeanza kunyesha vizuri na kaburi lako tumelipandia nyasi.

Ila mpaka siku hiyo nakuomba. Mama bado anaongea nawe jioni, nasikia kupitia ukutani. Akikuuliza habari ya geti, nyamaza. Usimwonyeshe hata kwenye ndoto. Niachie mimi nimwambie.

Mwanao,
Jerop